Mtaji Hufuata Amana

Ijumaa moja, baada ya swala, mama mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya kamati ya msikiti. Namfahamu. Mumewe, Allah amrehemu, alikuwa hakosekani safu ya mbele kila alfajiri. Mkononi alishika karatasi ya rangi yenye picha ya jengo refu la vioo, na chini yake maandishi makubwa: changia mtaji, umiliki jengo, pata faida ya asilimia 2 kila mwezi, kwa uhakika.

"Ustadhi," akasema, "nimeletewa hii nyumbani. Mirathi imekwisha kugawanywa. Ipo thumuni yangu na yapo mafungu ya watoto, jumla milioni 18. Niambie tu kama ni halali, nikatoe."

Nilipiga hesabu kichwani. Asilimia 2 ya milioni 18 ni shilingi 360,000 kila mwezi. Kwa mjane mwenye watoto wanne, hiyo ni ada, ni unga, ni nauli ya shule. Nikaelewa kwa nini macho yake yalikuwa yakiniomba jibu la ndiyo.

Sikuwa na jibu. Chuoni tulisoma milango ya mudharaba na musharaka na masharti yake. Hatukusoma namna mtu anavyoweza kuwaendea watu asiowajua, akaondoka na mabilioni yao kwenda kununua majengo, wala sababu ya mwingine, mwenye picha nzuri zaidi, kuondoka mikono mitupu. Nilimwomba mama yule anipe wiki mbili.

Lilikuwapo na jambo la pili lililonisukuma kutafuta. Kampuni ileile ilikuwa imeiandikia kamati yetu barua, ikiomba dakika kumi za kuzungumza na waumini baada ya swala ya Ijumaa. Mwisho wa barua iliahidi kuuwekea msikiti zulia jipya.

Mfuko wa majengo ni kitu gani?

Biashara hii ni kubwa ulimwenguni, nayo ina taratibu zinazojulikana. Kampuni moja, ambayo hapa tutaiita msimamizi, hukusanya mtaji kutoka kwa wenye fedha: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, vyuo vikuu na familia zenye uwezo. Mtaji huo hununua maghala, hoteli, ofisi au nyumba za kupangisha. Msimamizi huyaboresha majengo, hukusanya kodi ya pango, kisha huyauza na kugawa fedha. Aghalabu mtaji hufungwa kwa muda wa miaka ipatayo 10, na mwenye nacho hawezi kuutoa atakapo.

Msimamizi hulipwa ada ya kila mwaka, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya mtaji. Juu ya hiyo, hupata fungu la faida, na desturi iliyozoeleka ni asilimia 20. Lakini fungu hilo halipati mpaka wenye mtaji warudishiwe fedha zao pamoja na kiwango fulani cha faida, mara nyingi asilimia 8 kwa mwaka. Msomaji azingatie kwamba asilimia 8 hiyo si ahadi. Ni kizingiti ambacho msimamizi hana budi kukivuka kabla ya kula chake.

Aliyesoma fiqhi ataiona hapa sura ya mudharaba: mmoja ana mali, mwingine ana ujuzi na juhudi, na faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana. Tofauti zipo, na si ndogo. Mifuko mingi ya nchi za Magharibi huongeza nguvu kwa mikopo ya riba, na hiyo peke yake yatosha kumzuia Muislamu asiingie. Hata hivyo, swali la kwa nini watu huwakabidhi wasimamizi hawa mali zao lina mafunzo kwetu, kwa sababu jibu lake tulilijua zamani.

Bi Khadija bint Khuwaylid (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali katika mji wa Makka, akiwakabidhi wanaume mtaji waende nao katika misafara. Muhammad (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, hakumwendea na picha wala ahadi ya faida. Kilichotangulia ni jina la al-Amin alilokuwa nalo mjini. Bi Khadija alisikia habari za ukweli wake, akamkabidhi mali kwa safari ya Sham, na bado akamtuma Maysara, mtumishi wake, afuatane naye. Baada ya safari alipata mambo matatu: mali yake, faida yake, na habari kamili kutoka kwa shahidi wake mwenyewe. Hapo pana msingi wote wa somo letu: sifa kabla ya mkataba, mtu wa kuangalia wakati wa kazi, na marejesho baada ya kazi.

Aliyekwisha kurudisha ndiye anayepewa tena

Tuitazame sasa kampuni ya Blackstone ya Marekani, kwa sababu hakuna aliyekusanya fedha nyingi zaidi kwa ajili ya majengo. Aprili 2023 ilitangaza kukamilisha mfuko wake wa kumi wa majengo wa kimataifa ukiwa na dola bilioni 30.4, mkubwa kuliko mfuko wowote wa aina hiyo uliowahi kukusanywa.

Lakini mwanzo wake haukuwa hivyo. Stephen Schwarzman na Peter Peterson waliianzisha mwaka 1985 kwa dola 400,000. Peterson alikuwa amewahi kuwa waziri wa biashara wa Marekani, na wote wawili walitoka katika benki kubwa. Pamoja na majina hayo, walipopita kuomba mtaji wa mfuko wao wa kwanza walikataliwa mlango baada ya mlango, maana walikuwa hawajawahi kusimamia mfuko wala kumrudishia mtu faida. Mambo yalibadilika kampuni ya bima ya Prudential ilipokubali kutoa dola milioni 100. Baada ya hapo wengine walifuata, na mwaka 1987 mfuko ulifungwa ukiwa na zaidi ya dola milioni 800. Biashara ya majengo waliingia baadaye, mwaka 1991.

Katika kisa hiki mna mambo mawili. La kwanza: mfuko wa mwanzo ndio mgumu kuliko yote, na kinachourahisisha mfuko wa pili ni kile walichorudishiwa watu katika wa kwanza. Wenye mitaji wakubwa hawaishii kuuliza jengo lina thamani gani kwenye karatasi. Huuliza ni fedha ngapi zimekwisha kurudi mikononi mwa watu. La pili: mtoaji wa kwanza mwenye jina hubeba wengine nyuma yake. Watu wengi hawana muda wala ujuzi wa kuchunguza, basi humtazama aliyetangulia na kusema, "Kama fulani ametoa, nami natoa."

Nilipofika hapa ndipo nilipoielewa barua ile ya zulia. Kampuni haikutaka dakika zetu kumi. Ilitaka jina la msikiti liwe mtoaji wa kwanza. Muumini akisikia habari ile kwenye kipaza sauti chetu, hatauliza hesabu za kampuni. Atadhani kamati imekwisha kuziuliza.

Fedha ya msimamizi na mipaka ya kazi

Jambo jingine linalowavuta wenye mtaji ni msimamizi kuweka mali yake mwenyewe katika mfuko uleule. Akila hasara pamoja nao, ataogopa hasara kama wanavyoiogopa wao. Anayeomba milioni zako na wala haweki yake, anakula ada yake jua likiwaka na mvua ikinyesha.

Pia wenye mtaji hupenda mipaka iliyoandikwa: mfuko utanunua nini, wapi, kwa mikopo kiasi gani, na nini hautagusa kabisa. Hili nalo si geni kwetu. Imepokewa kwamba Abbas bin Abdul-Muttalib (r.a.), alipokuwa akitoa mali yake kwa mudharaba, alikuwa akishurutisha isisafirishwe baharini, isiteremshwe bondeni, wala isinunuliwe mifugo, na aliyevunja masharti hayo alibeba dhamana ya hasara. Kila sharti lilikuwa na hatari yake: dhoruba, mafuriko, maradhi ya wanyama. Leo masharti kama hayo hujaza kurasa nyingi za mkataba, lakini kazi yake ni ileile. Na kuhusu kuandika, Suratul Baqara aya ya 282 imetufundisha tangu zamani kwamba miamala ya deni huandikwa na kushuhudiliwa.

Mlango wa kutokea

Majengo yana tabia moja: ni rahisi kuyaingia, ni vigumu kuyatoka. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 5 katikati ya mwaka 2023. Wanunuzi waliotegemea mikopo wakapungua, majengo yakakosa kuuzika kwa bei zilizotarajiwa, na fedha zikachelewa kurudi kwa wenyewe. Ambaye hajarudishiwa ya jana hana ya kutoa leo, hivyo wasimamizi wengi, hasa wadogo na wapya, wakapata shida ya kukusanya. Hata Blackstone, katika mfuko wake wa BREIT ulioruhusu watu kutoa fedha zao kwa vipindi, ililazimika mwishoni mwa 2022 kuwazuia waliotaka kutoka wasizidi asilimia 2 ya mfuko kwa mwezi na asilimia 5 kwa robo mwaka. Zuio hilo liliendelea mpaka mapema mwaka 2024.

Wala asidhani mtu kwamba jina la Kiislamu peke yake ni kinga. Arcapita ya Bahrain, iliyoanza miaka ya 1990 kwa jina la First Islamic Investment Bank, ilijijengea sifa katika nchi za Ghuba kwa kununua kampuni na majengo kwa mtaji wa Waislamu na kwa taratibu za sharia. Watu waliiamini wakatoa. Lakini ilikuwa na deni la murabaha la dola bilioni 1.1 lililotakiwa kulipwa Machi 2012, ilhali mali zake zilikuwa za aina isiyouzika kwa haraka, na thamani ya nyingi ilikuwa imeshuka tangu msukosuko wa 2008. Mwezi huohuo iliomba kinga ya mahakama ya mufilisi jijini New York, ikatoka humo mwaka 2013 baada ya kupangwa upya. Mkataba unaweza kuwa halali na hesabu ya muda ikawa mbovu. Uhalali ni sharti la kwanza, nao haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Karibu na kwetu, jijini Nairobi, upo mfano wa wazi. Mwaka 2015 mfuko wa majengo wa Fahari uliuza vipande kwa umma katika soko la hisa kwa shilingi 20 za Kenya kila kimoja. Ulilenga kukusanya hadi bilioni 12.5, ukapata takriban bilioni 3.6. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake nchini humo kuingia sokoni, na wananchi hawakuwa na marejesho ya nyuma ya kutazama. Miaka iliyofuata bei ya kipande ilishuka sana, ikawa chini mno ya thamani iliyoandikwa kwenye vitabu vya mfuko. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11, na mwaka 2024 mfuko ukaondolewa katika soko hilo. Haukuwa wizi. Majengo yapo, hesabu zilitangazwa, sheria ilifuatwa. Lakini aliyeingia kwa 20 na kutoka kwa 11 amejifunza kwamba thamani ya kitabuni na fedha ya mkononi ni vitu viwili.

Waqfu uliojengwa kwa uwazi

Isidhaniwe kwamba nakusudia kuwatisha watu na majengo. Waislamu wamejenga kwa mtaji wa pamoja tangu karne za mwanzo, na waqfu ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Majlis Ugama Islam Singapura, baraza la Waislamu wa nchi hiyo, lilikusanya dola milioni 60 za Singapore kwa sukuk za musharaka katika miradi miwili ya mali za waqfu. Mmojawapo ulikuwa katika mtaa wa Bencoolen, katika ardhi ya waqfu wa zamani iliyokuwa na msikiti na mapato haba. Palisimama msikiti mpya, jengo la biashara na nyumba 103 za kupangisha. Wenye mtaji hawakuombwa waamini ndoto. Ardhi ilikuwapo, baraza lilikuwa chombo cha kisheria, na nyumba zile zilikuwa na mpangaji mmoja mwenye uzoefu aliyefungwa na mkataba wa miaka. Chanzo cha marejesho kilionekana kabla ya fedha kutolewa.

Nasi katika msikiti wetu tuliyaonja hayo kwa kiwango chetu. Tulipotaka kujenga fremu za maduka kando ya barabara ili kodi yake ilipie umeme, maji na posho za walimu wa madrasa, tulibandika ukutani picha ya ghorofa la fremu 12 tukahamasisha kila Ijumaa. Mwaka ukapita, sanduku likabaki jepesi. Mzee mmoja wa kamati akashauri tuiondoe picha, tujenge fremu 2 kwa kilichopo. Tukajenga, tukapangisha, na kila mwezi tukabandika mahali pale pale risiti za kodi na karatasi ya matumizi. Waumini walewale waliokuwa wakipita bila kutazama wakaanza kusimama na kusoma. Leo fremu ni 6. Hatukuwa wasemaji hodari zaidi kuliko mwaka wa kwanza; tulikuwa na kitu cha kuonyesha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa

Baada ya wiki mbili nilimwita yule mama, akaja pamoja na kaka yake. Tukaandika maswali matano ya kuipelekea kampuni. Nayaweka hapa ili kila familia iyaulize ikiwa imekaa pamoja sebuleni, maana mali hupotea zaidi anapoamua mtu mmoja kwa siri.

La kwanza: ni nani mmekwisha kumrudishia mtaji na faida yake kwa fedha taslimu, na je, naweza kuzungumza naye? La pili: ninyi wenyewe mmeweka kiasi gani katika mradi huu? La tatu: hatimiliki ya kiwanja iko kwa jina la nani, nani anakagua hesabu, na je, mmeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kukusanya fedha za umma? La nne: nikihitaji fedha yangu baada ya mwaka, naipata wapi, kwa bei gani na kwa muda gani? La tano: hasara ikitokea, anaibeba nani?

Swali la tano ndilo linalofunua uhalali. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mudharaba huharibika ikiwa mmoja wa washirika amejiwekea kiasi maalumu cha faida kisichobadilika. Mwenye mtaji hubeba hasara ya mali, na mwenye kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa akizembea au akivunja masharti, hapo hulipa. Basi anayekuahidi asilimia 2 ya mtaji wako kila mwezi "kwa uhakika" hajakupa ushirika. Ama anakupa riba kwa jina la jengo, ama anakulipa kwa fedha za atakayeingia baada yako. Wasimamizi wakubwa tuliowataja hapo juu, pamoja na nguvu zao zote, huwaandikia wenye mtaji kwamba wanaweza kupata hasara. Ajabu ni kwamba anayekiri hatari ndiye anayeaminiwa na wajuzi, na anayeifuta kwa maneno ndiye anayewapata wasiojua.

Nilimkumbusha mama jambo moja zaidi. Katika milioni 18 zile, chake yeye ni thumuni. Zilizobaki ni za watoto ambao hawajabaleghe, na mwanzo wa Suratun-Nisaa unatosha kumtetemesha kila aliyeshika mali ya yatima. Mtu anaweza kuthubutu na chake. Cha yatima anakilinda, na akikiendesha, anakiendesha mahali anapopaona.

Kampuni haikujibu maswali kwa maandishi. Ilimpigia simu mara nyingi wiki ile, ikimwambia nafasi zinakwisha na jirani zake wameshalipia. Kaka yake akaipokea simu ya mwisho, akauliza swali la kwanza tu. Hawakupiga tena.

Mafungu ya watoto yako benki, katika akaunti isiyo na riba. Kwa sehemu ya thumuni yake, mama alimalizia vyumba viwili ambavyo marehemu aliviacha vimefika kwenye linta. Kodi yake haifiki 360,000. Lakini wapangaji anawajua kwa majina, na kila mwezi watoto wanaiona fedha ikihesabiwa mezani.

Kamati nayo iliijibu barua. Tuliomba hesabu zilizokaguliwa na orodha ya miradi iliyokamilika, tukaeleza kwamba bila hivyo hatuwezi kumkaribisha mtu kwenye kipaza sauti cha msikiti, kwa sababu imani ya waumini kwetu ni amana na hatuna haki ya kuiazimisha. Hazikuja. Zulia letu ni lilelile la zamani, limechakaa upande wa mlangoni, na In shaa Allah fremu ya saba ikikamilika tutalibadilisha kwa kodi yake.

Wabillahi tawfiq.